Mikhail Tsvet: Mtaalamu wa mimea aliyetenganisha rangi za jani, dunia ikamwelewa baada ya kufa

Kila maabara inapotaka kujua ni viambata gani vilivyomo ndani ya jani la dawa, ua la pareto au majani ya chai, hutumia njia iliyobuniwa zaidi ya karne moja iliyopita na mtaalamu wa mimea ambaye wenzake wengi hawakuikubali kazi yake, na ambaye vita vilimhamisha mji baada ya mji hadi mauti yalipomkuta. Jina lake ni Mikhail Semyonovich Tsvet. Njia yake inaitwa kromatografia.

Alifariki mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 47. Wakati huo hapakuwa na kundi la wanafunzi la kuiendeleza kazi yake, na kitabu chake kikuu kilikuwa katika lugha ambayo wakemia wengi wa Ulaya Magharibi hawakuisoma. Ilichukua zaidi ya miaka 10 baada ya kifo chake kwa njia hiyo kufufuliwa, na tangu hapo haijaachwa tena.

Mtoto aliyezaliwa safarini

Tsvet alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 katika mji wa Asti, kaskazini mwa Italia, wazazi wake wakiwa safarini. Baba yake, Semyon, alikuwa Mrusi. Mama yake, Maria de Dorozza, alikuwa na asili ya Kiitaliano, naye alifariki muda mfupi baada ya kujifungua. Baba alirejea Urusi kwenye kazi zake, na mtoto akaachwa Uswisi katika malezi ya yaya, kwanza Lausanne, kisha Geneva.

Hivyo alikua Mrusi kwa baba, Mwitaliano kwa mama, na Mswisi kwa malezi. Lugha aliyoisoma shuleni ni Kifaransa, na Kirusi cha baba yake alikuja kukitumia katika kazi ukubwani. Mwaka 1891 alijiunga na Chuo Kikuu cha Geneva, na mwaka 1896 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti kuhusu seli za mimea.

Mwaka huo huo alihamia Urusi, nchi ambayo hakuwahi kuishi, na huko akakutana na tatizo ambalo wasomi wengi waliorudi nyumbani kutoka ughaibuni wanalijua vyema: shahada yake haikutambuliwa. Sheria za vyuo vya Urusi zilimtaka aanze upya ngazi za masomo kabla ya kupewa nafasi ya kufundisha. Alihangaika Saint Petersburg kwa miaka kadhaa, akifanya kazi katika maabara bila cheo cha kudumu, hadi mwaka 1901 alipopata shahada ya uzamili ya Kirusi katika Chuo Kikuu cha Kazan. Mwaka uliofuata alihamia Warsaw, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi, akaajiriwa kama msaidizi katika chuo kikuu cha mji huo. Ni huko ndiko alikofanya kazi iliyoliweka jina lake katika historia.

Fumbo lililokuwa ndani ya jani

Swali lililomshughulisha lilionekana dogo. Je, ukijani wa jani ni rangi moja au ni mchanganyiko wa rangi nyingi?

Wataalamu walikuwa wakilijadili jambo hili kwa miongo mingi. Ilijulikana kuwa jani lina rangi ya kijani iitwayo klorofili, na rangi za manjano zilizofichwa na ukijani huo. Lakini idadi ya rangi hizo na namna ya kuzitenganisha bila kuziharibu ilikuwa chanzo cha mabishano yasiyokwisha. Kila mtaalamu alikuwa na njia yake, na kila njia ilitoa jibu lake.

Tsvet aliligundua jambo moja ambalo wengine walikuwa wameliona bila kulitafakari. Majani yakilowekwa katika etha ya petroli, yaani kiowevu chepesi kitokanacho na mafuta ya petroli, rangi inayotoka kwa urahisi ni karotini peke yake, ile inayoipa karoti rangi yake. Klorofili hubaki ndani ya jani. Lakini ukiongeza alkoholi kidogo tu, rangi zote hutoka kwa pamoja. Na cha ajabu zaidi, klorofili ikishatolewa ndani ya jani huyeyuka vizuri katika ile ile etha ya petroli ambayo mwanzo ilishindwa kuitoa.

Maelezo ya kawaida yangesema kuwa ndani ya jani klorofili ina umbo tofauti la kikemia. Tsvet alisema la. Alieleza kwamba rangi hizo zimeshikwa juu ya nyuso za chembe ndogo za jani, kama vumbi linavyoshika kwenye nguo, na kwamba alkoholi huja kuuvunja mshiko huo. Ili kuthibitisha, alichukua karatasi ya kuchujia, akailowesha kwa rangi za jani na kuiacha ikauke. Kisha akaiosha kwa etha ya petroli. Karotini ilitoka na klorofili ikabaki, sawasawa na ilivyokuwa katika jani. Karatasi haikuwa na uhai wala kemia ya mmea. Kilichokuwa kikitenda kazi ni mshiko wa nyuso tu.

Mrija wa kioo na unga mweupe

Kutokana na wazo hilo ikazaliwa njia. Kama kila rangi inashikwa kwa nguvu yake tofauti, basi mchanganyiko ukipitishwa katika unga unaoshika rangi, kila moja itasafiri kwa mwendo wake.

Tsvet alichukua mrija mwembamba wa kioo, akaujaza unga mkavu na kuushindilia vizuri. Alijaribu zaidi ya aina 100 za unga, na mojawapo ya zile alizozipendelea ni kalsiamu kaboneti, madini yale yale yaliyomo katika chaki ya asili. Juu ya unga huo alimimina kiowevu cha rangi za majani, kisha akaendelea kumimina kiowevu safi. Ndani ya mrija ukijani ulianza kugawanyika. Ilijitokeza mikanda iliyopangana, mingine ya kijani-bluu, mingine ya kijani-manjano na mingine ya manjano, huku karotini, isiyoshikwa kwa nguvu, ikitangulia kutoka chini.

Mfano wa sokoni unaweza kusaidia kulielewa jambo hili. Watu 10 wakiingia kwa pamoja upande mmoja wa soko, mwenye jamaa wengi atasimama kila kibanda kusalimiana, na asiyejuana na mtu atafika upande wa pili mapema. Hakuna aliyewalazimisha kuachana. Ni wingi wa salamu tu ndio uliowatenganisha. Katika mrija wa Tsvet, unga ndio vibanda, na rangi ndizo wapita njia.

Mwanafunzi wa Niboye, wilayani Kicukiro, anaweza kuyaona haya kwa vitu vya kawaida: majani ya dodo yaliyopondwa, spiriti kidogo na kipande cha chaki nyeupe, mradi awe na mwalimu au mtu mzima karibu na asiwe karibu na moto wa jikoni. Chaki ikisimamishwa ndani ya spiriti iliyochukua rangi ya majani, kiowevu hupanda polepole, na baada ya muda mfupi manjano huanza kujitenga na kijani.

Tsvet aliieleza kazi yake kwa mara ya kwanza mbele ya chama cha wanasayansi wa Warsaw mwezi Machi 1903. Mwaka 1906 alichapisha makala mbili katika jarida la Kijerumani la mimea, na humo ndimo alimoipa njia hiyo jina la kromatografia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Kwa Kirusi, jina la ukoo wake, Tsvet, nalo lina maana ya rangi. Mwaka 1907 aliipeleka mirija yake Berlin na kuwaonyesha wanachama wa chama cha wataalamu wa mimea wa Ujerumani mikanda hiyo kwa macho yao.

Njia tatu zilizoshindana

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ilipingwa, yafaa kuzilinganisha njia zilizotumika wakati huo.

Njia ya kwanza ilikuwa kutikisa viowevu viwili visivyochanganyika. Gregor Kraus, mtaalamu wa Ujerumani, aliitumia katika miaka ya 1870. Kiowevu cha alkoholi chenye rangi za jani kikitikiswa pamoja na benzini, rangi za kijani huelekea zaidi upande mmoja na za manjano upande mwingine, kama mafuta na maji yanavyoachana katika chupa. Njia hii ni ya haraka na ya bei nafuu. Udhaifu wake ni kwamba hutoa mafungu mawili tu, na rangi zinazofanana hubaki pamoja katika fungu moja.

Njia ya pili ilikuwa kutumia asidi au magadi makali. Hii hutenganisha kwa nguvu, lakini huharibu. Mpishi yeyote anayepika dodo kwa muda mrefu ameshaona ukijani ukififia na kugeuka rangi ya zeituni iliyokolea. Asidi zilizomo ndani ya mboga huing'oa magnesiamu iliyo katikati ya klorofili, na kinachobaki si klorofili tena. Wataalamu kadhaa wa karne ya 19 walivipa majina vitu walivyodhani ni rangi za jani, kumbe walikuwa wamevitengeneza wenyewe ndani ya chupa zao.

Njia ya tatu ilikuwa ya Tsvet. Haikuchemsha wala haikutia asidi. Iliweza kufanya kazi kwa kiasi kidogo sana cha majani, na iliachanisha hata rangi zinazofanana mno. Kwa njia hiyo Tsvet alionyesha kuwa klorofili ziko mbili, si moja, na kuwa zile za manjano ziitwazo zanthofili ni kundi zima. Lakini nayo ilikuwa na mapungufu. Ilitoa kiasi kidogo mno, kisichotosha kutengeneza fuwele za kupimwa kwenye mizani. Na mtu akichagua unga usiofaa, rangi inaweza kubadilika hata humo ndani ya mrija.

Mzozo na vigogo wa kemia

Hapo ndipo mzozo ulipoanzia. Wakati ule mkemia aliamini kuwa amekipata kitu pale tu anapokishika mkononi: fuwele safi, yenye uzito unaojulikana na kiwango chake cha kuyeyuka. Mkanda wa rangi ndani ya mrija wa kioo haukuonekana kuwa ushahidi. Tsvet, tena, hakuwa mkemia. Alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka chuo cha pembezoni mwa himaya.

Leon Marchlewski, mkemia wa Kipolandi aliyefanya kazi Krakow, alimpinga vikali katika majarida, akiona kuwa kupitisha kiowevu katika unga ni aina ya kuchuja tu na hakuwezi kuwa msingi wa hoja nzito. Tsvet naye alijibu kwa ukali, kwani hakuwa mtu wa kunyamaza.

Aliyekuwa na uzito zaidi ni Richard Willstätter, mkemia mkubwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Zurich na baadaye Berlin. Willstätter alitumia majani makavu kwa wingi mno, akayapitisha katika viowevu mbalimbali hatua kwa hatua, akapata rangi safi za kutosha kuzichambua. Ni yeye aliyeonyesha kuwa klorofili ina magnesiamu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1915. Hakuiamini njia ya Tsvet, kwa hofu kwamba unga hubadilisha rangi, na neno lake lilitosha kuwafanya wengi wasiijaribu.

Haki inadai kusema kuwa Willstätter hakuwa adui wa ukweli. Hofu yake ilikuwa na msingi pale unga ulipochaguliwa vibaya, na mwishowe utafiti wake mwenyewe ulithibitisha kuwa klorofili ziko mbili, kama Tsvet alivyokuwa amesema. Lakini uthibitisho huo haukuirudishia njia ya Tsvet heshima yake. Watu walipokea jibu, wakaiacha njia iliyolitoa.

Vita vyamfuata kila mji

Huko Warsaw maisha yalisonga. Mwaka 1907 Tsvet alimwoa Helena Trusiewicz. Mwaka uliofuata alianza kufundisha katika chuo cha ufundi cha mji huo. Mwaka 1910 alichapisha kwa Kirusi kitabu chake kikuu kuhusu rangi za mimea na wanyama, kilichompatia shahada ya udaktari ya Kirusi, miaka 14 baada ya ile ya Geneva. Chuo cha Sayansi cha Urusi kikamtunuku tuzo kwa kitabu hicho.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 majeshi ya Ujerumani yaliiteka Warsaw. Chuo kilihamishiwa Moscow, na baadaye Nizhny Novgorod. Tsvet alihama nacho, na muda mwingi ukapotea katika kusafirisha chuo badala ya utafiti. Afya yake, ambayo haikuwa imara, ilizidi kudhoofika.

Mwaka 1917 alipata cheo alichokitafuta kwa miaka mingi: uprofesa wa elimu ya mimea na ukuu wa bustani ya mimea katika Chuo Kikuu cha Yuryev, mji ambao leo unaitwa Tartu, nchini Estonia. Hakukaa muda mrefu. Mwaka 1918 Wajerumani waliuteka mji huo pia, na walimu Warusi wakahamishiwa Voronezh, kusini mwa Urusi. Mwaka huo huo mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Cornelis van Wisselingh, alilipendekeza jina lake kwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Hakuipata.

Voronezh ilikuwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na uhaba wa chakula. Mikhail Tsvet alifariki huko tarehe 26 Juni 1919. Helena alimfuata miaka mitatu baadaye.

Tafsiri iliyookoa kazi yake

Njia ya Tsvet haikutoweka kabisa. Nchini Marekani, Leroy Palmer aliitumia kuchunguza rangi za manjano katika maziwa na siagi. Lakini kwa wakemia wengi ilibaki kuwa jambo la pembeni.

Kilichoigeuza hali hiyo ni tafsiri. Willstätter, licha ya mashaka yake, alikuwa ametafsiriwa kitabu cha Tsvet kwa Kijerumani kwa matumizi yake binafsi. Nakala hiyo ilifika mikononi mwa mwanafunzi wake wa zamani, Richard Kuhn, huko Heidelberg. Karibu na mwaka 1930 ilisomwa na kijana mtafiti katika maabara ya Kuhn, Edgar Lederer. Akafuata maelekezo yake, akaujaza mrija unga, na akafaulu kutenganisha rangi za manjano ambazo wakemia walikuwa wamezidhania kuwa kitu kimoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1931.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Karotini iligundulika kuwa ya aina zaidi ya moja, na uhusiano wake na vitamini A ukaeleweka zaidi. Paul Karrer alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1937 na Kuhn ile ya mwaka 1938, wote wakiwa wamenufaika na mrija wa Tsvet. Mwaka 1941 Waingereza Archer Martin na Richard Synge waliunganisha wazo la Tsvet na lile la viowevu viwili visivyochanganyika, njia mbili zilizokuwa zikishindana wakati wa uhai wake. Walipata Nobel mwaka 1952. Ikafuata kromatografia ya karatasi, ya tabaka jembamba, ya gesi, na kuanzia miaka ya 1960 ile ya mashine zenye pampu zinazosukuma kiowevu kwa nguvu kubwa.

Kutoka Warsaw hadi mashamba ya Musanze

Nchini Rwanda kazi hiyo ina maana ya moja kwa moja. Kwenye miteremko ya volkeno upande wa kaskazini, wakulima hulima pareto, inayoitwa ibireti kwa Kinyarwanda. Nguvu ya maua hayo ya kuua wadudu hutokana na viambata sita vinavyofanana sana, vinavyoitwa kwa pamoja pyrethrini. Ua bora na ua hafifu huweza kufanana machoni. Ni kipimo cha kromatografia kinachoonyesha ni kiasi gani cha pyrethrini kimo, na kwa hiyo thamani halisi ya jasho la mkulima.

Huko Huye, watafiti wa dawa za asili waliuchunguza mmea wa umuravumba, unaotumiwa na waganga wa jadi, na katika miaka ya 1980 kilitengwa kiambata chenye uwezo wa kuzuia vijidudu. Bila ya kutenganisha, haiwezekani kujua ni kitu gani ndani ya jani kinachotibu, ni kiasi gani kinatosha, na ni kipi kinachoweza kudhuru.

Leo mtafiti huchagua njia kulingana na kazi. Tabaka jembamba ni nafuu na la haraka, linafaa kutambua mmea halisi na ule ulioghushiwa. Gesi hufaa kwa mafuta yenye harufu kama ya mikaratusi na jeraniamu, kwa sababu hugeuka mvuke kwa urahisi. Mashine za pampu hutoa vipimo sahihi zaidi, hata kwa viambata visivyostahimili joto, lakini ni ghali kununua na kutunza. Zote zinarudi kwenye wazo lile lile: vitu husafiri kwa mwendo tofauti kwa sababu hushikwa kwa nguvu tofauti.

Mahali hasa alipozikwa Mikhail Tsvet hapajulikani. Katika miaka ya 1990, jiwe la kumbukumbu liliwekwa kwa heshima yake katika makaburi ya nyumba ya watawa ya Akatov mjini Voronezh, mji wa mwisho ambao vita vilimfikisha.